Waya wa Makopo Juu ya Korongo

Nyumbani kwa Bibi Angelina,
Daa, Karatu.
Jumapili, 6 Julai 2025.

Mpendwa Shangazi Laurencia,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre: waya ulioiangusha ile ndege ya dawa ni wangu. Nimeliandika kwanza kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, kisha nitafunga bahasha na kujiambia kwamba mengine nitakuandikia siku nyingine.

Sasa shikamoo, Shangazi. Hujambo wewe, na Baba Goodness, na Goodness mwenyewe? Kile kikohozi chake kimepona? Na mguu wa Baba Goodness je, ameanza kutembea bila fimbo? Huku baridi imekaza. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni mpaka unaficha choo, na Bibi hatoki jikoni kabla ya saa tatu. Hajambo, ila jicho la kushoto sasa halioni kabisa, na kwa la kulia anasema anaona watu kama wamejifunika chandarua. Magoti nayo yanamsumbua kwenye mteremko, kwa hiyo tangu Pasaka hajafika shambani. Nakuomba ulikumbuke hilo, kwa sababu ndiyo maana hakuwahi kuuona waya wangu.

Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio sina.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yetu ni moja na Bibi huiweka spika ili asikie vizuri, na mtu anayepita njiani naye anasikia. Uliponiuliza juzi kwa nini nimepoa, nilikujibu kwamba kichwa kinauma. Hakikuwa kinauma.

Habari ya ajali unayo, najua Baba alikupigia kutoka Wasso. Lakini Baba alikueleza alichoelezwa. Acha nikueleze mimi tangu mwanzo, na tafadhali usimsomee mtu mpaka ufike mwisho.

Mwaka huu kwelea kwelea wamekuja kwa wingi ambao hata Bibi hakuwahi kuusikia. Ngano ilipoanza tu kuweka maziwa kwenye punje, wakatua. Shamba la kina Julius liliisha kwa siku mbili, yakabaki mabua yamesimama yana vichwa vitupu. Likizo ya Juni ilipoanza Bibi akanipa blanketi na chupa ya chai, akaniambia nikakae kwenye dungu. Ni dungu lile lile alilolijenga Babu, ulilokalia wewe ukiwa darasa la sita. Nguzo mbili zimebadilishwa, ila ngazi haijabadilishwa, na ile alama uliyokata kwenye ubao wa kukalia bado ipo.

Kazi yenyewe unaijua. Kupiga kelele, kurusha mawe kwa kombeo, kuvuta kamba ya makopo. Mimi kupiga kelele siwezi, Shangazi. Nikifungua mdomo sauti inatoka kama ya mtu anayeomba radhi. Na kwa kombeo langu nilishalipiga dungu lenyewe mara mbili. Tena tuna kile kipande cha pili ng'ambo ya korongo. Ukiwafukuza kwelea huku wanahamia kule, nawe ushuke korongo, uvuke maji, upande, na ukifika kule wamesharudi huku. Siku ya tatu nilikaa nikalia. Siku ya nne nikatengeneza mtambo wangu.

Stoo palikuwa na ule mzingo wa waya wa fensi wa Babu, ule laini usio na miiba. Niliufunga kwenye mguu wa dungu, nikaupitisha juu ya fito fupi zenye panda katika shamba letu, nikauvusha korongo, nikaupitisha juu ya kile kipande cha pili mpaka kwenye mkaratusi wa kwanza wa lile shamba kubwa la jirani. Nikauning'inizia makopo kumi na moja yenye mawe ndani, matano upande wetu na sita upande wa pili. Mengi ni ya maziwa ya unga. Moja ni lile la bluu la rangi, ulilokwaruza kwa msumari LAURENCIA 1999. Kwenye dungu niliweka kitanzi cha kamba, nikatia mguu. Basi kazi yangu ikawa kunyoosha mguu tu, na makopo yote yanalia pande zote mbili, na mikono yangu iko huru kushika kitabu.

Nilijivuna sana. Sikumwambia mtu kwa sababu niliona watasema ni uvivu, na kidogo ulikuwa uvivu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua. Ni Koinet, mlinzi wa lile shamba kubwa. Wewe humfahamu, amekuja baada ya wewe kuolewa. Ni mtu wa Endulen, umri wake kama wa Baba, anaishi na mke wake Nareyu na mtoto wao Nashilu kwenye kile chumba cha mabati kando ya mikaratusi. Mbuzi wao hunywa maji pale pale korongoni. Ndiye mtu mzima pekee ninayeweza kuongea naye bila kutazama miguu yangu, labda kwa sababu Kiswahili chake nacho hakina haraka.

"Takwenya, Mwalimu wa kwelea," alikuwa akiniita kila asubuhi kutoka ng'ambo.

"Iko," nilimjibu, kama wanavyoitikia kwao.

"Leo umewafundisha nini wanafunzi wako?"

"Hawanisikilizi."

"Basi wape mtihani, watakimbia."

Ule mwisho wa waya sikuweza kuukaza, nilikuwa nauvuta unalegea. Nikamwomba. Akauvuta kwa mwili wake wote mpaka ukalia, akauzungusha kwenye mkaratusi usawa wa kifua chake, akapiga fundo. Akacheka akasema fundo hilo hata fahali akivuta halifunguki.

Kisha ukaitishwa mkutano. Bwana shamba Nelson akatueleza kwamba serikali inaleta ndege ya kunyunyizia dawa. Kwelea wanalala kwenye matete ya korongo, chini kidogo ya shamba letu, kwa hiyo ndege ingekuja jioni ya Alhamisi wakiwa wameshaingia kulala. Tufunike visima, tufunge mifugo, tukae mbali. "Na kesho yake nisimwone mtu anaokota kwelea," akasema. "Msije mkaniambia ni mboga." Halafu akasema jambo ambalo nimeliandika kichwani neno kwa neno: kila kitu kilichozidi kimo cha mtu, iwe sanamu ya kutishia kwelea, nguzo au kamba, kishushwe kabla ya Jumatano jioni, isipokuwa miti na madungu ambayo rubani ameonyeshwa.

Koinet alisimama akauliza mbuzi watanywa wapi, maana maji yanapita kwenye matete hayo hayo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Wanywe soda!" Watu wakacheka. Koinet akasema, "Nimeuliza tu," akaketi. Hilo nalo litarudi.

Jumatano nilishusha sanamu zetu mbili na kamba ya nguo ya Bibi. Kisha nikasimama mbele ya waya wangu. Pale kwenye dungu ulikuwa usawa wa kiuno changu. Kule kwenye mkaratusi, usawa wa kifua cha Koinet. Nikajiambia haujazidi kimo cha mtu. Shangazi, nilipima huku na nilipima kule. Katikati sikupima, kwa sababu katikati hakuna mahali pa kusimama, ni korongo. Lakini nilitazama. Niliuona ule waya unaning'inia hewani juu ya korongo, mwembamba mpaka jicho linaupoteza, na chini yake kina cha nyumba tatu zilizopandana. Nilijua. Sikujua kwa maneno, lakini nilijua.

Kuushusha kulitaka nishuke na kupanda, nikapambane na fundo lisilofunguka. Na kitabu cha maktaba ya parokia kilikuwa kimebaki kurasa arobaini. Nikapanda dungu nikasoma.

Saa kumi Mwenyekiti Modest akapita na daftari lake.

"Blandina, kwenu vimeshuka vyote?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Vyote kabisa?"

"Vyote."

Akaweka tiki mbele ya jina la Bibi. "Angekuwa mtoto mwingine ningeshuka nikaangalie," akasema, "lakini wewe ni msomi." Akaenda zake.

Alhamisi jioni tulikusanywa kwenye kilima, pale juu ya kanisa la kigango. Kwelea waliingia kwenye matete kama kawaida yao, wingu baada ya wingu, na kelele zao zikawa kama mvua juu ya bati. Ndege ilitokea upande wa Mang'ola. Niliitegemea kubwa, kumbe ni ndogo, ya njano, ina mtu mmoja. Ilizunguka mara moja juu, kisha ikashuka. Sikujua chombo cha angani kinaweza kushuka vile. Iliingia ndani ya korongo kabisa mpaka tukawa tunaiona kutoka juu, mgongo wake na kofia ya rubani, na dawa inamwagika nyuma yake kama pazia. Watoto walishangilia. Ilipanda kabla ya kufika kwetu, ikageuka, ikarudi. Ikapita tena hivyo hivyo.

Kisha upepo ukageuka. Nilihisi kwenye shavu. Ndege ilikwenda mbali zaidi safari hii, ikazunguka nyuma yetu, na nikaona kwamba sasa itaingia korongoni kutoka upande wa juu, upande wa dungu letu.

Nilikuwa na muda, Shangazi. Nimeuhesabu usiku mara nyingi, ulikuwa muda wa kusali Baba Yetu moja. Kando yangu alikuwa Mama Sifa. Nikasema, "Waya."

"Nini?" akauliza, bila kugeuza macho.

"Waya."

"Waya gani?"

"Hakuna," nikasema.

Hilo ndilo nililosema. Hakuna.

Makopo yangu yalilia. Hilo ndilo nililolisikia kwanza, kabla ya mlio mwingine wowote, makopo yote kumi na moja kwa pamoja, kama ninavyovuta asubuhi, na mguu wangu ulikuwa pale pale kilimani. Kisha ndege ikapiga kelele ya chuma, ikainama bega moja, ikatoka korongoni kana kwamba imetupwa, ikaangukia kile kipande chetu cha pili, ikalima ngano mpaka karibu na mikaratusi, ikasimama kwa pua. Dawa ikamwagika. Harufu ilitufikia hadi kilimani, kali, ya kuunguza koo. Bwana shamba alikuwa anapaza sauti, "Msiende! Msiende, ni sumu!" Na hakuna aliyekwenda.

Koinet alikwenda. Tulimwona anakimbia kutoka mikaratusini, shuka jekundu amelizungushia pua na mdomo. Alivunja kioo kwa rungu, akakata mikanda kwa sime, akamvuta rubani kwa kwapa hadi nje, akamburuta kupanda upande ambao upepo unatoka. Kisha yeye mwenyewe akapiga magoti akaanza kutapika.

Wote wawili walipelekwa hospitali kwa gari la kijiji. Koinet alirudi siku ya tatu, macho mekundu. Rubani alihamishiwa hospitali kubwa Arusha. Amevunjika nyonga na mbavu, na dawa imemwingia kifuani. Kila asubuhi Bibi ananituma kwa Mwenyekiti kuuliza hali yake, na kila asubuhi natembea taratibu ili nisifike upesi. Jina lake silijui. Nimeogopa kuliuliza.

Sasa sikiliza nililolifanya kesho yake alfajiri. Nilikwenda shambani kabla ya watu. Waya ulikuwa umekatika, kipande cha upande wetu kimejikunja kama nyoka hadi chini ya dungu. Nilikizungusha, nikaokota makopo. Mengine yalikuwa yamerushwa mbali sana, na nilivuka hadi ng'ambo nikatafuta kwenye ngano kando ya ndege yenyewe, nimejifunga kanga usoni. Nilipata kumi. Nikayaficha pamoja na waya kwenye kihenge, chini ya mahindi. Lako la bluu sikulipata. Tangu siku hiyo, nikifumba macho naliona limelala mahali fulani na jina lako juu, linasubiri mtu aliokote.

Siku nne baadaye wachunguzi wa ajali wakafika kutoka Dar es Salaam, watatu, mmoja mwanamke. Walikuta waya umejizungusha kwenye lile panga linalozunguka mbele ya ndege, na walikuta mwisho wake kwenye mkaratusi, na fundo bado limefungwa. Wanakijiji tukaitwa pale pale. Yule mama akashika fundo akauliza kwa upole, "Huu waya nani amefunga?"

Nilikuwa mstari wa tatu, nimemshika mkono Bibi, aliyeletwa na gari la kijiji kwa barabara ya shamba kubwa.

"Mimi," Koinet akasema.

"Kwa nini?"

"Nimeulizwa nani amefunga. Nimefunga mimi."

Hakunitazama hata mara moja, na nikaelewa kwamba hanitazami makusudi. Watu wakaanza kunong'ona, na minong'ono haikuchukua hata dakika kukomaa. Si ndiye aliyelalamika kwenye mkutano? Si mbuzi wake? Ametega. Amemtegea rubani, kisha akajifanya kumwokoa. Yule yule aliyesema habari ya soda safari hii akasema, kwa sauti, kwamba wafugaji hawa hawajawahi kupenda ngano yetu. Na Bibi, Shangazi, Bibi yangu mwenye huruma, alitikisa kichwa akasema, "Maskini, Mmasai huyu alikuwa anatafuta nini?"

Nilikuwa nimemshika mkono. Sikusema.

Huwa najieleza kwamba ninanyamaza kwa ajili ya Bibi. Jina lenye tiki kwenye daftari ni lake. Shamba ni lake. Naogopa watamchukua, na macho yale, wamkalishe kwenye benchi la polisi aulizwe juu ya waya ambao hajawahi kuuona. Naogopa rubani atafariki na mimi nitakuwa nimemuua nikiwa nasoma. Naogopa watu watakavyonitazama kanisani. Naogopa gari lolote likipunguza mwendo karibu na kwetu. Nikisikia kopo la maji linagonga ndoo, moyo unasimama. Lakini nikiondoa hofu zote za Bibi, naona chini yake imebaki ya kwangu, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Jana nilipita kwa Nareyu kumpelekea maziwa niliyoagizwa na Bibi. Alikuwa anafunga vyombo ndani ya ngozi. Meneja wa shamba kubwa amewaambia wahame, na Koinet ametakiwa kufika ofisi ya kata Jumanne asubuhi, kisha apelekwe polisi Karatu mjini. Nareyu hakuniuliza kitu. Alinimiminia chai. Nashilu akaja akanionyesha kwamba anaweza kuandika jina lake kwa mkaa kwenye bati. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikaacha chai nusu, nikaondoka.

Sijui unaweza kunijibu nini kutoka Songea, na barua itachukua siku ngapi. Nadhani sikuandikii ili unijibu. Nataka tu mtu mmoja aliyewahi kukaa kwenye lile dungu ajue, kwa sababu wewe utajua jinsi inavyokuwa pale, upweke, na kelele zao, na jinsi mtu anavyotaka kitu chochote cha kushika mkononi.

Baba na Mama hawajambo, watakuja kwenye kipaimara cha mdogo wangu Martini. Bibi anakusalimu sana na anauliza kama kule mahindi yameshavunwa. Nisalimie Baba Goodness, na umwambie Goodness nimemwekea vitabu vyangu vya darasa la tatu. Mungu awakinge mkiwa njiani na mkiwa nyumbani, awape kulala bila kushtuka.

Wako akupendaye, hata kama baada ya barua hii wewe utahitaji muda,
Blandina.

Jumanne, 8 Julai

Shangazi, barua haikwenda. Jana ilikuwa Sabasaba, posta imefungwa. Kwa hiyo naongeza hapa hapa.

Leo shule imefunguliwa. Nilivaa sare, nikatia makopo kumi kwenye mfuko wa sandarusi, juu nikaweka madaftari, nikamuaga Bibi. Kwenye njia panda nikashika njia ya ofisi ya kata.

Koinet alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, peke yake, kifurushi miguuni. Mgambo alisimama mlangoni. Niliinamisha kichwa kama watoto wa kwao wanavyofanya, naye akanigusa utosini.

"Mwalimu," akasema, "shule imehamia hapa?"

"Naingia ndani."

"Rudi shule. Mimi sikusema uongo. Nilifunga."

"Ulifunga kwa sababu nilikuomba."

Alikisogeza kifurushi chake kwa mguu. Kisha akasema, "Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Nilidhani umepungua, umerudi kuwa mtoto," akasema, akajisogeza kwenye benchi kana kwamba ananipisha, ingawa njia ilikuwa wazi.

Niliingia. Ndani walikuwepo yule mama mchunguzi, Mwenyekiti Modest, na polisi mmoja aliyekuwa anakunywa chai. Mwenyekiti akasema, "Blandina, umetumwa na Bibi kuuliza hali ya rubani?" Nikasema hapana. Nikasema, "Waya ni wangu." Sauti haikutoka vizuri, yule mama akaniomba nirudie. Nikarudia. Chai ya polisi ikabaki hewani.

Nilitoa makopo, nikayapanga mezani. Yule mama aliyahesabu kwa kidole, kisha akafungua begi lake akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake lilikuwemo lako la bluu, limebonyea upande mmoja. Walilikuta ndani ya bawa la ndege. Akaniuliza Laurencia ni nani, wamemtafuta kijiji kizima kwa siku sita kimya kimya. Nikasema ni shangazi yangu, alilikwaruza akiwa mtoto, yuko Songea, hana kosa lolote. Mwenyekiti alikuwa ameshika daftari lake, amelifungua kwenye ukurasa wenye tiki. Alilifunga.

Hawakutaka kuandika maelezo yangu bila mlezi. Nikarudi nyumbani mbio kumchukua Bibi. Nilimwambia akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, nikamwambia yote, mpaka kuhusu kurasa arobaini. Aliniuliza swali moja tu: "Na yule mtu amekaa kwenye benchi tangu asubuhi?" Nikasema ndiyo. Akasimama, akaacha maharage kwenye ungo, akanipa mkono nimwongoze. Tulitembea saa nzima kwa sababu ya magoti. Tulipofika hakuingia ofisini kwanza. Alipapasa mpaka kwenye benchi, akamtafuta Koinet kwa mkono, akampa pole. Akamwambia, "Nilikusema vibaya mbele za watu. Nitasema tena mbele za watu hao hao."

Kisha tukaingia, Bibi akakaa, mimi nikasimama, nikaeleza tangu stoo mpaka kihenge. Yule mama aliandika. Nilimuuliza rubani anaendeleaje. Alisema jana alianza kunywa uji, na anaitwa Tobiko. Nilimwomba aandike jina hilo kwenye karatasi, na ninayo hapa.

Walituambia nitaitwa tena, na Bibi pia, na kwamba wao hawawezi kuahidi litakuwa nini. Koinet aliambiwa aende nyumbani asubiri huko. Kama meneja atamrudishia kazi, bado hatujui. Bibi alisema atakwenda kumwona meneja yeye mwenyewe kesho, nimwongoze.

Nilimrudisha Bibi nyumbani, nikanawa miguu, nikaenda shule. Nilifika vipindi vya mchana vimeanza. Mwalimu wa zamu alikuwa getini na kile kitabu cha wachelewaji. Akaniuliza jina, darasa na sababu. Nikamwambia jina, nikamwambia Kidato cha Tatu, nikamwambia na sababu.